Sheria Iliyopitia Kwenye Mtungi

Mimi ni fundi friji wa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi sheria ya mazingira niliiona kama jambo la semina. Bwana afya alifika bandani kwetu. Watu wa kodi walifika. Mgambo wa jiji ndio usiseme. Mtu wa mazingira sikumwona hata siku moja, na sheria isiyokuja kukugongea mlango, fundi anaihesabu haipo. Leo natoa ushuhuda tofauti: hakuna sheria iliyoigeuza kazi yangu kama hiyo, na iliigeuza bila afisa wake hata mmoja kukanyaga bandani.

Nilijifunza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mzee mmoja pale Gerezani. Gesi ilikuwa R12, mtungi mweupe, na mzee aliipenda kwa sababu ilikuwa na huruma. Haiwaki, haina harufu ya kukera, na kompresa yake huvumilia kazi chafu. Friji ikiletwa haigandishi, tulikata bomba la kompresa, gesi iliyobaki ikapiga mluzi hadi ikaisha. Tukaziba palipovuja, kisha tukaingiza gesi mpya upande mmoja na kuiacha itoke upande wa pili ifukuze hewa. Pampu ya kuvuta hewa tulikuwa nayo, lakini pampu inataka umeme na inataka subira, na mama wa barafu amekaa nje anasubiri friji yake kabla jua halijazama. Gesi ilikuwa rahisi kuliko subira. Tulipulizia hata vumbi la feni kwa R12.

Wala mzee hakuwa mtu wa ovyo. Gesi ile ilisifiwa na wasomi kabla ya kusifiwa na yeye. Friji za kwanza za majumbani zilitumia gesi za sumu kama amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, na zilipovuja usiku ziliua watu vitandani. Kampuni zikatafuta gesi isiyodhuru. Mwaka 1930 mvumbuzi wa Kimarekani, Thomas Midgley, alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta R12 mapafuni, kisha akapulizia mshumaa nao ukazimika. Haina sumu, haiwaki. Yote mawili ni kweli mpaka leo. Ambalo halikuulizwa siku ile ni hili: ikishatoka kwenye bomba inakwenda wapi?

Jibu lilichelewa hadi 1974, walipolitoa wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland: inapanda. Haioshwi na mvua, haiozi, inaelea miaka na miaka mpaka ifike juu ambako jua kali linaivunja na kuachia klorini, na atomu moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Viwanda vilibisha. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika hupungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko, na Septemba 1987 nchi zikatia saini Mkataba wa Montreal wa kudhibiti gesi za aina hiyo. Tanzania ilijiunga mwaka 1993.

Mimi Montreal ilinifikia kama bei. Mtungi mweupe ukaanza kupanda, taratibu kwanza, halafu kwa fujo. Tukalaumu wenye maduka, tukalaumu dola. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi Januari 2010 kuachana na gesi za aina hiyo, na kadiri tarehe ilivyosogea ndivyo mtungi mweupe ulivyozidi kuadimika Kariakoo. Aliyekuwa anapulizia vumbi kwa R12 akaanza kuipima kwa jicho la mchumi. Hakuna hotuba iliyotufundisha kubana matumizi ya gesi kama bei ilivyotufundisha.

Mbadala ulikuwa R134a, mtungi wa bluu mpauko, na huyu hakuwa na huruma. Haielewani na oili ya zamani ya kompresa. Inataka oili yake maalumu, na oili hiyo inakunywa unyevu kama sifongo. Acha kopo wazi usiku mmoja wa masika, na hapa Dar hewa yenyewe ni maji, asubuhi haifai tena. Unyevu ukibaki ndani ya mfumo unaganda pale bomba jembamba la kapilari linapoishia. Friji inagandisha vizuri, inaacha, barafu ile ndogo inayeyuka, inaanza tena. Mteja anaapa friji yake imerogwa. Dawa ni moja: badilisha draya, kile kichujio cha unyevu, washa pampu, vuta hewa mpaka sindano ya geji itulie chini, kisha funga na usubiri uone kama itapanda. Waliong'ang'ania mtindo wa Gerezani kompresa zao zilirudi ndani ya mwezi, tena na mwenye friji amekunja uso. Wengine waliacha kazi wakaenda kuendesha daladala. Sisi tuliobaki tukaenda kukaa kwenye madawati ya kozi fupi pamoja na vijana wa umri wa watoto wetu, tukajifunza sababu za mambo ambayo mikono yetu ilikuwa inayafanya bila kuuliza.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na sheria. Nilikuwa nauliza: serikali itamkamata vipi kila fundi anayeachia gesi uchochoroni Mbagala? Haiwezi, na Montreal haikujaribu. Kwanza, watengenezaji wa gesi zile duniani walikuwa kampuni chache tu, na mizigo hupita bandari zinazohesabika. Ukishika kiwanda na bandari, mafundi milioni watafuata bila kukimbizwa. Pili, nchi zilizosaini zilizuiwa kufanya biashara ya gesi hizo na zisizosaini, kwa hiyo kukaa nje kulikuwa hasara. Tatu, ulianzishwa mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadili mitambo na kufundisha mafundi. DuPont, kampuni kubwa kuliko zote katika gesi zile, ilipinga kwa miaka, kisha mwaka 1988 ikatangaza itaziacha. Sidhani iliokoka. Iliona soko la zamani linafungwa kwa wote na soko jipya linafunguliwa.

Hata hivyo bei ikipanda, mjanja naye anapiga hesabu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, wafanyakazi wakafa. Ndani kulikuwa na gesi bandia ya R134a iliyochanganywa na kloridi ya methili, ile ile iliyokuwa inaua kabla ya Midgley. Ikikutana na aluminiamu inazaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Na mwaka 2018 watafiti wakagundua kwamba R11, gesi iliyokatazwa dunia nzima, inatoka tena mahali fulani. Vipimo vya hewa vikaelekeza mashariki mwa China, mamlaka zikaminya, kiwango kikashuka. Kwa hiyo yupo anayenusa hewa. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa Januari 2023 inatarajia ozoni ya sehemu kubwa ya dunia irudi hali ya 1980 kufikia kama mwaka 2040, na ya Antaktika kama 2066. Sitakuwepo, lakini napenda kujua.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi. R134a haiharibu ozoni, ila kilo yake moja inatia joto duniani kuliko tani nzima ya hewa ya ukaa. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikaiingiza nayo kwenye orodha ya kupunguzwa. Friji nyingi mpya ninazopokea zinatumia R600a. Gesi hii ni nzuri mno. Friji ya R134a ilikuwa inakula gramu 120 au 150. Hii inatosheka na 50 hivi, inagandisha vilevile, na umeme inakula kidogo. Shida yake ni kwamba ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Inawaka. Viwango vya kimataifa viliwekea friji ya nyumbani ukomo wa gramu 150, na friji ikiwa nzima mama mwenye nyumba hana la kuogopa. Wa kuogopa ni mimi, maana mimi ndiye ninayeifungua nikiwa na moto mkononi.

Kijana wangu wa kazi namfundisha hivi. Kwanza soma kibandiko cha kompresa. Ukiona pembetatu ya njano yenye mwali, weka chini kichomeleo. Toa friji nje. Toboa, peleka mpira wa gesi mbali na watu, sukuma naitrojeni ndani. Bomba likate kwa kikata bomba, usilitenganishe kwa moto. Kuchaji ni kwa mizani, si kwa kusikiliza kompresa kama nilivyofundishwa mimi. Siku moja alinijibu, "Mzee, ikivuja si nitainusa?" Nikampa funguo za bandani akafungue dirisha, kisha nikamweleza: gesi ya mama yako jikoni imetiwa harufu makusudi ili akimbie. Hii haikutiwa. Utakuwa umekaa ndani yake na hujui.

Na huko mtaani wapo wanaochukua gesi ya kupikia yenyewe na kuijaza kwenye AC ya chumbani, kwa kuwa R22, gesi ya AC hizo, nayo inapanda bei kuelekea kuondolewa 2030. AC haichukui gramu 50. Inachukua mara kadhaa ya hapo, juu ya kitanda cha mtu.

Kwa hiyo sheria imeihamisha hatari. Zamani ilikuwa juu angani, sasa imeshuka mezani kwa fundi, na mezani kwa fundi hakuna kiwanda wala bandari ya kushika. Lakini lipo duka. Kila mtungi unapitia duka. Mwaka jana nilimwuliza muuza gesi mmoja Kariakoo, mtu tunayeheshimiana, kwa nini asimuulize mnunuzi cheti kabla ya kumpa mtungi wa R600a.

"Fundi," akasema, "nikimdai mtu cheti leo, anavuka barabara ananunua kwa jirani. Na jirani atanishukuru. Tuambiwe wote, tena tarehe moja, uone kama nitauza bila cheti."