Picha hazijui Kidawida

Leo naweka kando seva na lugha za programu, ingawa mtaona sikwenda mbali.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa kule Wundanyi, amepatikana na uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, jirani na sehemu za usemi. Madaktari wameamua kumpasua akiwa macho. Ndiyo, macho! Mkaza mjomba aliposikia alishika kichwa. Nikaketi naye nikamweleza hivi.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando unaofunika ubongo, na hizo hutiwa ganzi. Mara nyingi mgonjwa hulazwa usingizi fuvu likifunguliwa, kisha huamshwa. Daktari hugusa ubongo kwa umeme mdogo huku mgonjwa akionyeshwa picha na kutaja majina. Akikwama, mahali hapo huwekwa alama na hapakatwi. Wilder Penfield alifanya hivi Montreal tangu miaka ya 1930. Sisi waandishi wa programu tunaijua njia hii: unazima mstari mmoja, unatazama nini kimeharibika, unauwasha tena.

Mtauliza, si kuna picha siku hizi? Zipo. Mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971. Za mjomba ninazo kwenye tarakilishi: kila kipande ni pikseli 512 kwa 512, kama nusu megabaiti. Nimezifungua kwa 3D Slicer, programu huria iliyoanzia Boston mwaka 1998, bure kabisa. Uvimbe unauona, unaugeuza upendavyo.

Tatizo ni kwamba picha hiyo ni ya jana. Fuvu likifunguliwa na maji ya ubongo yakatoka, ubongo husogea, wakati mwingine sentimita nzima au zaidi. Ndiyo maana hospitali ya Brigham and Women's, Boston, iliingiza MRI ndani ya chumba cha upasuaji katikati ya miaka ya 1990. Lakini sumaku ile inataka chumba chake na vyombo visivyovutwa, na bei yake si mchezo. Ultrasaundi ni rahisi zaidi: mfupa unaozuia sauti umeshaondolewa, kwa hiyo kifaa huwekwa pale pale na picha ni ya sasa hivi.

Hata hivyo, picha hizi zote huonyesha uvimbe uko wapi. Maneno yako wapi? Hapo MRI ya kufuatilia kazi za ubongo hukadiria tu. Mwenye jibu la uhakika ni mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake.

Na kwa lugha gani? Mwaka 1978 George Ojemann na Harry Whitaker walieleza habari za wagonjwa wawili wenye lugha mbili mbili: kuna mahali umeme ulizuia lugha moja na kuiacha nyingine. Sasa mjomba alifundisha kwa Kiingereza, sokoni hununua kwa Kiswahili, na kwa Kidawida husali na kugombana na mkewe. Akipimwa Kiingereza peke yake, anaweza kutoka akiwa mwalimu hodari asiyeweza kuzungumza na mama watoto!

Tulimwuliza daktari. Akasema, leteni picha. Basi nikaandika programu ndogo: picha inatokea, inakaa sekunde nne, sauti inarekodiwa. Picha nimezipiga mwenyewe: jembe, chungu, mbuzi, mkungu wa ndizi. Mjomba amezitaja zote kwa lugha zake tatu, siku mbili mfululizo. Aliyosita nayo hata mara moja nimeyafuta, kwa sababu siku ya upasuaji akisita tunataka sababu iwe umeme tu, si kusahau.

Hapo nilijifunza jambo. Mtu wa Kasigau na mtu wa Werugha hawaiti kila kitu jina moja, kwa hiyo jina sahihi si la kamusi, ni lile analotumia mgonjwa nyumbani. Programu yangu haina orodha ya majibu; husikiliza mgonjwa kwanza, kisha huweka majibu yake kuwa kipimo.

Upasuaji ni wiki ijayo. Msimbo nitauweka wazi pamoja na picha, bila maneno yoyote. Msagala, Mtaveta au Mpokomo atatia ya kwake.