Kabla Hujaushika Mkono

Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Nimesikia umeanza kazi hospitali ya Makadara, na kwamba wagonjwa wa mikono wamekabidhiwa kwako. Nimefurahi hadi machozi. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, kwa hivyo nisikilize shangazi yako.

Nilipokuwa mchanga kazini, alikuja mama aliyekatwa na kisu, kano za vidole viwili zimeshonwa. Nilimtengenezea banzi, nikamwonyesha mazoezi, nikamkataza kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita. Akaitikia. Sikumuuliza anapataje riziki. Wiki ya tatu alirudi, kidole kimoja hakikunjiki tena, kano imekatika. Alikuwa akikanda unga wa mahamri kila alfajiri, na kwake unga haukuwa kitu kizito. Kosa lilikuwa langu. Mpaka leo harufu ya iliki asubuhi hunikumbusha uso wake.

Basi uliza kwanza. Mkono huu hufanya kazi gani? Nani atakupikia, nani atakufulia? Utatawadha vipi? Hapo mwambie kama banzi lavulika au halivuliki; hukumu ya udhu mwachie sheikh wake.

Ukieleza, eleza kwa lugha ya kazi yake. Vidole havina misuli ya kuvikunja. Vyavutwa na kano kutoka kigashani. Mvuvi hahitaji picha ya kitabuni. Mwambie kano ni henza, na kidoleni mna abedari inamopita. Henza iliyoungwa juzi haipandishi tanga, lakini isiposogezwa kabisa itagandamana. Atakuelewa, na mazoezi atayafanya.

Mwanamke akija, kumbuka wewe ni mwanamume. Mweleze utamgusa wapi na kwa nini, kisha ungoje akubali. Mkono wa buibui aupandishe mwenyewe. Akitaka mwenzako wa kike, mwite, wala usinune.

Na siri, mwanangu. Mji wetu huu ni vichochoro. Utakayemtibu asubuhi, jioni utakutana na mjomba wake penye kahawa Ndia Kuu. Atakuuliza, kwa mapenzi tu, mkono unaendeleaje. Mwambie amuulize mwenyewe. Mikono mingine haikuumia kama ilivyosemwa, na mwenye mkono anakutazama aone kama utanyamaza. Hata mimi nikiuliza, usinijibu.

Usiahidi usichoweza. Mshona kofia za vito ambaye kidole hakitakunjika chote ana haki ya kujua mapema, ajifunze kushika sindano kwa namna nyingine. Kaa naye ajaribu na sindano yake halisi, si na mpira wa mazoezi.

Kile kipimo changu cha chuma cha kupimia vidole nimekipangusa, kimo sandukuni. Pita Ijumaa baada ya swala ukichukue.

Shangazi yako