Mdundiko Uliotawanyika

Sisi tuliokulia Kipawa, Dar es Salaam, hatukujua kwamba ngoma inahitaji mratibu. Mwali alipotolewa, ngoma zilisogezwa kwenye moto wa makuti, mzee akazigonga kwa kidole mpaka ngozi ikaze na mlio utimie, kisha mdundiko, ngoma ya Wazaramo, ukaingia barabarani. Watoto tuliufuata hadi mitaa tusiyoijua, mama zetu wakatutafuta mpaka Magharibi. Mwenye shughuli alilisha watu, majirani wakachanga. Ujirani ndio uliobeba gharama zote.

Ujirani huo haupo tena. Nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, wapiga ngoma wakahamia Pugu, Chanika na kwingineko. Mwaka 2019 jengo la tatu la abiria likafunguliwa. Leo watalii wanapita juu ya mapaa yetu, wanaunganisha safari ya Unguja au Serengeti, wala hawasikii hata pigo moja la Wazaramo. Jambo hilo linaniuma.

Vijana wa mtaa sasa wanataka tamasha la kila mwaka. Nawaunga mkono kwa moyo wote, ila wawatazame waliotangulia. Tamasha la Sauti za Busara lilianza Unguja mwaka 2004 na likashika mwezi wake, Februari. Mgeni wa mbali anajua lini akate tiketi ya ndege. Hata hivyo, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Tamasha kubwa kiasi kile! Lilirudi 2017, lakini kila anayetegemea wafadhili alipata somo. Kule Bujora, Mwanza, tamasha la Bulabo la Wasukuma lina nguvu nyingine: makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanakuja kushindana, na kila upande una watu wake. Asipofika mtalii hata mmoja, uwanja utajaa. Mimi nauamini mpango huo kuliko jukwaa la taa.

Tena wapiga ngoma walipwe. Nimeona shughuli ambapo mshereheshaji anaondoka na bahasha nene, mzee aliyepiga toka asubuhi anapewa soda na nauli. Mjukuu wake akiona hivyo, atajifunza ngoma ya nini?

Kwa hiyo nimewaambia vijana wasianze na jukwaa. Waweke tarehe isiyohama, wafungue daftari la michango linalosomwa hadharani, kisha waende Chanika kuwaorodhesha wanaojua mapigo ya mwali. Na nauli waipange ya watu wawili wawili, kwa maana wengi wa wazee hao hawapandi tena daladala peke yao.