Mawe ya Kaole na Brashi Zetu za Waya

Ukitoka Bagamoyo mjini kuelekea kusini, mwendo wa kilomita tano hivi, unafika Kaole. Pana magofu ya misikiti miwili, mkongwe wake ukinasibishwa na karne ya 13, na kando yake wamelala Waislamu waliotutangulia, baadhi chini ya nguzo ndefu za mawe. Bahari iliyokuwa ikifika karibu sasa imefichwa na mikoko. Katika Shaaban tuliwapeleka huko vijana wa madrasa yetu. Tuliwasalimu watu wa makaburini, tukawaombea dua.

"Ustadhi," kijana mmoja akaniuliza, "haya yamesimama miaka yote hii, ya kwetu mbona yameharibika upesi?"

Nilikuwa na jibu, ila sikulipenda.

Mwaka jana kamati yetu, nami katibu wake, iliitisha siku ya usafi makaburini. Mashahidi, yale mawe ya kichwani, tuliyasugua kwa brashi za waya, tukaziba nyufa zake kwa saruji. Jioni yalimeremeta. Juma lililofuata mzee wetu mmoja alikuja na wajukuu kumzuru mkewe. Alisimama baina ya makaburi mawili asijue lipi ni lake, kwani maandishi tulikuwa tumeyasugua yakafutika. Hakutulaumu. Alisoma Fat'ha palepale katikati, akaondoka.

Fundi mmoja wa uashi hapo Bagamoyo alinifafanulia kosa letu. Kaole ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe hayohayo. Jiwe hilo ni laini, hunywa maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe humomonyoka pembezoni mwa kiraka. Ufa huzibwa kwa chokaa. Uchafu huoshwa kwa maji matupu na brashi laini. Mche ulioota ufani hukatwa ungali mchanga, kwani ukikomaa, kuung'oa ni kulipasua jiwe.

Wapo watakaosema kaburi halistahili kushughulikiwa hivyo. Ni kweli, Mtume (s.a.w.) amekataza kuyapaka makaburi chokaa na kuyajengea, nami nguzo za Kaole sizitetei kifiqhi. Lakini ni yeye pia aliyeweka jiwe kichwani pa Uthman bin Madh'un, Allah amridhie, ili alitambue kaburi la nduguye. Nasi alama ya namna hiyo ndiyo tuliyoifuta.

Tangu turudi tumefungua daftari: jina, tarehe, safu, jirani wa kulia na wa kushoto. Ukurasa wa mke wa mzee wetu bado u mtupu. Mchimba kaburi anasema ni lile lililo upande wa mwarobaini; dada wa marehemu anasema ni la pili yake. Jumamosi hii baada ya alasiri tutakutana hapo. Aliyehudhuria maziko yale, tafadhali aje.