Barafu kwenye kioo cha mbele, watoto siti ya nyuma

MZAZI anayempeleka mtoto shule kwa gari hufikiria mkanda, kufuli za milango na mwendo. Kioo cha mbele hakimjii akilini mpaka siku kinapokataa kuonyesha barabara. Huku kwetu tatizo huwa ni mvua au ukungu. Kwa wenzetu wanaolea watoto kaskazini mwa Uingereza, tatizo ni barafu, nayo humsubiri mzazi asubuhi, wakati ambao kila dakika imeshapangiwa kazi.

Familia moja yenye asili ya Moshi, inayoishi mjini Leeds, ilivumilia barafu hiyo kwa miaka minne. Mama ni muuguzi wa zamu. Baba anahudumia wazee katika makazi ya kulelea. Wana binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Gari lao ni Ford Focus ya mwaka 2003, hulala nje kando ya barabara kama magari mengi ya mtaa ule, kwa sababu nyumba haina gereji.

Mwezi Desemba jua la Leeds huchomoza baada ya saa 2 asubuhi. Hivyo gari huondoka na watoto kukiwa bado na kiza au jua likiwa limeinama kabisa, linampiga dereva usoni.

Asubuhi moja ya Januari, mama alikuwa amechelewa. Alikwangua sehemu ya kioo yenye ukubwa wa sahani upande wake, akawasha feni, akaondoka akiamini kwamba barafu iliyobaki itayeyuka njiani. Kwenye kona ya karibu na shule, jua lilipiga ile barafu na kioo kizima kikawa cheupe. Alikanyaga breki. Mzee anayewavusha watoto barabara alikuwa amesimama hatua chache tu mbele ya boneti, ameinua kibao chake.

Hakuna aliyeumia. Lakini binti alisema neno moja kutoka siti ya nyuma ambalo mama hakulisahau: "Mama, mimi nilikuwa namwona kupitia dirisha langu."

Pesa ya bibi

Jioni ile walizungumza baada ya watoto kulala. Baba aliona jambo ni rahisi. Kikwangulio ni pauni moja, amka dakika kumi mapema.

"Baba watoto, nikitoka zamu ya usiku nafika nyumbani saa 2 kasoro robo," mama alimjibu. "Hizo dakika kumi nazitoa wapi? Gari linaganda hata pale kwenye maegesho ya hospitali."

Alikuwa amesikia kwa mwenzake kazini kwamba Ford za miaka ile ziliweza kufungwa kioo cha mbele chenye nyaya za joto, unabonyeza swichi na barafu inaachia. Gari lao halikuja nacho. Swali lilikuwa kama kinaweza kufungwa sasa, kwenye gari la umri ule, na kwa pesa ipi.

Pesa iliyokuwapo ilikuwa ya bibi wa watoto, mama yake baba, aliyekuwa akisubiri upasuaji wa mtoto wa jicho huko Moshi. Baba hakutaka hata kulisikia wazo la kuigusa. Ikabidi bibi mwenyewe aulizwe kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sioni lakini siendeshi. Ninyi mnaendesha, na wajukuu zangu wamo humo. Tengenezeni gari, mimi nitasubiri mpaka Pasaka."

Kwa nini feni pekee haitoshi

Wengi hujiuliza kama hita ya kawaida haiwezi kufanya kazi hiyo. Inaweza, ila kwa kuchelewa. Hita ya gari huchukua joto kwenye maji yanayopoza injini. Injini ikiwa baridi, maji nayo ni baridi, na feni inapuliza hewa baridi tu. Hapo ndipo mzazi anaposhawishika kuwasha gari, kuliacha likinguruma nje na kurudi ndani kumalizia chai.

Njia hiyo ina matatizo matatu. Uingereza, kuacha gari linanguruma barabarani bila dereva ndani ni kosa. Mwizi akiliondoa huku ufunguo umo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Tatizo la tatu ni la afya, nalo ni kubwa zaidi. Moshi wa gari una kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ndani ya gereji iliyofungwa inaua. Hata nje, bomba la moshi likizibwa na theluji, gesi hiyo inaweza kuingia walipo watoto. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu zaidi ya mmoja ndani ya gari ni sababu ya kuzima injini, kutoka nje kwenye hewa safi na kutafuta matibabu.

Maji ya moto nayo si dawa. Kioo baridi kikimwagiwa maji ya moto kinaweza kupasuka palepale, na maji yanayobaki huganda upya.

Kioo chenyewe kilivyo

Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki vipande. Katika kioo cha joto, nyaya nyembamba sana za chuma huwekwa kati ya tabaka hizo, zikishuka kutoka juu hadi chini. Umeme ukipita, nyaya hupata joto, na tabaka ya barafu iliyogusana na kioo huyeyuka kwanza. Kinachobaki juu yake huteleza au huondolewa na wipa.

Ford ilianza kuuza magari yenye kioo hicho Ulaya mwaka 1985, kwenye Granada, ambayo nchi nyingine za Ulaya iliitwa Scorpio. Baadaye kikaonekana kwenye magari yake mengi ya kawaida. Kwa hiyo mwenye Ford ya zamani ana bahati ya kupata kioo chenye umbo la gari lake. Mwenye gari la aina nyingine anaweza kutafuta na asikipate kabisa.

Lakini kioo ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni umeme. Kinakula umeme mwingi kwa mpigo. Kikitumia wati 500 kwenye volti 12, hiyo ni zaidi ya ampea 40, mara kadhaa ya zile zinazotumiwa na taa kubwa za mbele. Ndiyo maana lazima kiwe na nyaya nene zake chenyewe kutoka kwenye betri, fyuzi zake, rilei zake, na swichi inayojizima baada ya dakika chache. Tena kifanye kazi injini ikiwa inazunguka tu, la sivyo betri inakauka kabla ya kufika shule.

Fundi wa kwanza na wa pili

Fundi wa kwanza aliyeulizwa aliahidi kazi ya saa mbili kwa bei nafuu. Angechukua kioo kilichotumika kutoka kwenye gari bovu na kuunga nyaya zake kwenye swichi ya kioo cha nyuma. Mama alikaribia kukubali.

Fundi wa pili, mzee wa umeme wa magari, alimweleza kwa nini asikubali. Nyaya za kioo cha nyuma hazikutengenezwa kubeba mzigo wa vioo viwili. Zikizidiwa hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na gari linaweza kuungua watu wakiwa ndani. Tena kioo cha mbele kimebandikwa kwa gundi kali. Kukitoa kizima kwenye gari bovu ni kazi ngumu, na mara nyingi hutoka na ufa au nyaya zilizokatika.

Mzee huyo ndiye aliyeona jambo lililobadilisha hesabu. Kioo walichokuwa nacho kilikuwa na ufa mbele ya usukani, mrefu kuliko kidole. Katika ukaguzi wa gari wa kila mwaka wa Uingereza, uitwao MOT, uharibifu unaozidi milimita 10 kwenye eneo hilo la dereva huangusha gari. Kwa vyovyote vile kioo kingebadilishwa kabla ya mwezi Machi. Walichohitaji kulipia zaidi ni tofauti ya bei kati ya kioo cha kawaida na cha joto, pamoja na kazi ya umeme.

Wakaipigia simu kampuni ya bima kabla ya kugusa chochote. Bima ilikubali kulipia kioo cha aina ileile iliyokuwapo. Tofauti wangejilipia, na mabadiliko ya gari yakaandikwa kwenye kumbukumbu zao. Hata hivyo, gharama yao ilifika karibu theluthi ya bei waliyonunulia gari. Pesa ya bibi ilitumika zaidi ya nusu.

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi alipima kwanza alteneta na betri, kwa sababu gari kuukuu linaweza kushindwa kubeba mzigo mpya. Alipima kioo kipya kwa mita, nusu ya dereva na nusu ya abiria, kabla ya kukibandika. Nyaya, rilei na swichi alizitoa kwenye Focus nyingine iliyokuwa na kioo hicho tangu kiwandani. Baada ya kubandika aliwakataza kuliendesha gari mpaka gundi ishike, na akawaagiza waache dirisha moja wazi kidogo ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo. Gundi hiyo si ya kuzuia mvua tu. Kioo cha mbele husaidia kuimarisha paa, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, watoto walihesabu kwa sauti. Kabla ya kufika mia mbili, barafu ilikuwa imeachia na wipa zikaifagia. Kijana mdogo alitaka kioo kigande tena ili waone upya.

Usiku wa kwanza kazini mama hakukipenda. Taa za magari yanayokuja zilimetameta kidogo kwenye zile nyaya. Baada ya wiki alizizoea, lakini si kila dereva huzoea. Waya mmoja ukikatika, mstari wake hubaki na barafu. Jiwe likikipasua, bei ya kukibadilisha ni kubwa kuliko ya kioo cha kawaida.

Na kikwangulio bado kimo garini. Kanuni ya 229 ya barabara za Uingereza inamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye madirisha yote, siyo la mbele peke yake. Vioo vya pembeni, madirisha ya milango na theluji iliyo juu ya paa vinabaki kazi ya mkono. Sasa binti ana jukumu lake: kabla mama hajaondoa gari, anataja kila dirisha kama anaona nje au haoni. Asipoona, gari haliondoki.

Bibi alifanyiwa upasuaji mwezi Mei, siyo Pasaka kama walivyomwahidi. Baba alichukua zamu za ziada za Jumapili ili pesa itimie.

Mzazi asiye na kioo hicho

Wengi hawatafunga kioo cha joto, na si lazima. Funika kioo usiku kwa kifuniko au turubai safi. Zima wipa kabla ya kuzima gari, zisije zikagandia kwenye kioo. Ukitumia dawa ya kupuliza ya kuyeyusha barafu, ifungie mbali na watoto. Nyingi zina alkoholi au glaikoli, na ethilini glaikoli ina ladha tamu lakini huharibu figo. Mtoto akiinywa, usisubiri dalili, mkimbize hospitali na chupa yake.

Usimfunge mtoto mkanda juu ya koti nene. Koti hubonyea gari linapogonga na mkanda unabaki umelegea. Mvue koti, mfunge mkanda ukambane vizuri, kisha mfunike kwa hilo koti au blanketi.

Kwa mzazi wa Makete, Njombe au Limuru, adui mkubwa ni ukungu wa ndani ya kioo, unaotokana na pumzi na nguo mbichi. Washa kiyoyozi pamoja na hita, elekeza hewa kwenye kioo na zima ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani. Kiyoyozi hukausha hewa hata kama unachotaka ni joto. Kufuta kwa kiganja huacha mafuta, na ukungu hurudi.

Ukichelewa, piga simu shule useme umechelewa. Mwalimu atamwandika mtoto mchelewaji, na mambo yataishia hapo.