iPhone ama Android? Mimi Nilikuwa Nataka Simu Inijibie

Wacha nianze na ukweli utakaoniaibisha kidogo. Mwaka 2025, kwa karibu miezi minne, nilikuwa na shilingi 38,000 kwa M-Pesa na sikuguza hata moja. Kila usiku kabla nilale nilikuwa natazama video za kulinganisha simu. iPhone hii, Android ile. Wazungu wamekaa kwa studio wanapima mwangaza wa skrini na mashine. Mimi niko Migori, stima imepotea, nimejifunika blanketi, natazama na bando la shilingi ishirini.

Hizo pesa hazikuwa zangu zote. 26,000 nilizipata kwa kazi. 12,000 zilikuwa za Mama, zamu yake ya chama. Alinitumia akaniambia, "Nunua ya kazi." Basi. Hakuuliza ni gani.

Kama ndio mara yako ya kwanza hapa: mimi hutengeneza video fupi. Saluni ikifunguliwa mjini, wananiita. Hoteli ikitaka watu wajue kuna samaki freshi, wananiita. Kabla ya hapo nilikuwa chuo, mwaka wa pili. Na tafadhali usiniweke kwa ile hadithi ya "aliacha chuo afuate ndoto yake." Karo iliisha. Ndoto zilikuja baadaye, nikiwa nimekaa nyumbani sina la kufanya na nina simu yenye skrini imepasuka.

Hiyo simu ya kupasuka ndiyo ilikuwa inaniua. Ikishuti dakika tatu inakuwa moto kama chapati. Kwa hivyo nilikuwa nachagua kati ya vitu viwili.

Cha kwanza, iPhone 11 ya mkono wa pili, zile tunaita eks-UK, GB 64, kwa duka moja hapa Migori. 36,000. Nabaki na elfu mbili.

Cha pili, Android mpya kwenye boksi, GB 256, laini mbili, betri kubwa. 22,000. Nabaki na elfu kumi na sita.

Ukiangalia tu hizo namba unaweza kusema hakuna swali hapo. Subiri kwanza.

Niwe mkweli kuhusu iPhone, juu wengi wetu tulio kambi ya Android hupenda kusema ni ujinga wa watu wa kujionyesha. Si ukweli. Apple hutengeneza simu yenyewe na mfumo wake yenyewe, kwa hivyo vitu hivyo viwili vinaelewana. iPhone 11 ilitoka Septemba 2019. Septemba 2025 Apple walipotoa mfumo mpya wa iOS 26, hiyo simu ya miaka sita bado iliupata. XR ya 2018 ndiyo iliachwa nje. Sasa chukua Android nyingi za bei ya chini uniambie ni ngapi hupata mfumo mpya hata mara mbili. Nyingi ukizinunua umezinunua vile zilivyo, pamoja na programu hujaziomba na matangazo yanayoruka katikati ya kazi. Halafu video. Ukitembea na iPhone ukishuti, picha inatulia. Na ukitaka kuiuza kesho, kuna mtu anaitaka.

Kwa upande ule mwingine, Android ni mfumo ambao Google waliununua ukiwa mdogo mwaka 2005, halafu wakaufungua kampuni nyingi ziutumie. Ndio maana unaupata kwa simu ya elfu nane na kwa simu ya laki mbili. Na ndio maana hapa kwetu karibu kila mtu yuko nao. Tecno, Infinix na itel, zote ni za kampuni moja ya Uchina, Transsion, ambayo ilifikiria sana Afrika: laini mbili, betri ya kukaa, kamera inayojua ngozi nyeusi. Fundi yeyote stendi ya Migori ana skrini yake. Memori ikijaa, kwa simu nyingi unaweka kadi. Ukitaka kumtumia mteja video nzima bila WhatsApp kuikamua, unachomeka waya unahamisha, kwisha.

Hata ile vita ya Marekani ya meseji za bluu na za kijani, huku haitufikii. Huku kila mtu yuko WhatsApp. Hakuna anayejua simu yako kwa rangi ya meseji. Wanaijua kwa mgongo wake.

Na huo mgongo ndio ulinifunza.

Mnakumbuka Madaraka Dei ya 2025 ilifanyika Homa Bay. Rais, magari, ndege, mji umepakwa rangi, vyumba vimejaa hadi watu wanalala Rongo. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniita nimfanyie video za wiki nzima. Binamu yangu ana iPhone 11, ile ile niliyokuwa naitaka. Nikamwomba aniazime wiki moja, yeye akae na Android ya dada yake. Nikaona huo ndio mtihani wa kweli, si wa studio.

Nikatoka Migori asubuhi, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, nikaingia Homa Bay na simu mbili mfukoni kama mtu wa kubeti.

Siku ya kwanza nilienda ufuoni saa kumi na mbili asubuhi, wavuvi wa omena wakirudi. Hawa hufanya kazi usiku. Wanawasha taa juu ya maji, omena wanaifuata taa, wavu unapita chini. Asubuhi wamama wananunua kwa ndoo, wanatandaza juani. Hiyo biashara naijua, Mama hununua huko omena akauza Migori kwa gorogoro. Ndiyo ilinilipia karo hadi pale ilipokataa.

Nikashuti kwa iPhone. Aki, ilikuwa safi. Maji yanang'aa, samaki wa fedha, mikono ya wamama. Nilipoweka video jioni, mwenye nyumba ya wageni alinipigia akacheka tu. Hakuwa na maneno.

Siku ya tatu memori ikajaa. GB 64, na nusu ni picha za binamu yangu, siwezi kufuta. Nikawa nahamisha video kidogo kidogo, usiku, kwa mtandao unaobebeshwa na wageni wa mji mzima. Betri nayo ilikuwa imechoka. Si kosa la mtu, simu ina miaka sita. Lakini kufika saa nane mchana iko asilimia kumi na tano. Kazi nyingine zote za mchana nikazifanya na ile Android yangu ya kupasuka, na kwa jua kali la Homa Bay, niamini, mteja hakujua tofauti. Tofauti ilikuwa asubuhi na usiku. Mchana zote zilikuwa sawa.

Kufikia hapo ningekuambia ni sare.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mazishi Ndhiwa, upande wa kina Mama. Nikapitia huko nikirudi, bado nina iPhone ya watu. Sasa, kama umetoka huku unajua mazishi yetu. Ni mahali pa kulia, ni mahali pa kula, na ni mahali pa kuulizwa. Mjomba wangu mmoja huniuliza swali lile lile kila mara, mbele ya watu: "Sasa wewe, unamaliza lini?" Sijawahi kumwambia niliacha. Huwa nasema "karibu." Ni miaka miwili nasema karibu.

Siku hiyo nikakaa chini ya hema, nikaweka simu mezani. Kifudifudi. Kamera juu. Nisiwadanganye, niliiweka hivyo makusudi.

Mjomba akaiangalia. Akaniangalia. Akasema, "Eh. Kijana mambo yake ni sawa." Akamgeukia mwenzake wakaendelea na mambo ya miwa.

Hakuuliza chuo. Hakuna aliyeuliza chuo siku hiyo. Mnajua vile nilisikia? Nilisikia kama mtu amenipa gauni na kofia.

Saa nane hivi simu ikazima. Nikatafuta chaja boma zima. Kila mtu ana Type-C ama ile pini ya zamani. Apple nao walihamia Type-C na iPhone 15, mwaka 2023, baada ya Ulaya kuwatungia sheria, lakini hii ni 11, ina waya wake peke yake. Hakuna aliyekuwa nao.

Sasa sikiza nilichofanya. Sikuiweka kwa mkoba. Nilitembea na hiyo simu mkononi, imekufa, hadi saa kumi. Nikisalimia watu naipeleka mkono wa kushoto ndio ionekane. Ikabidi nimpigie Mama, nikaingia nyuma ya choo, nikatoa Android yangu ya kupasuka, nikaongea kwa sauti ya chini kama mwizi.

Ni pale nyuma ya choo nilijiuliza: huyu anayechagua simu ni nani? Juu ile simu ilikuwa haishuti, haipigi, haiwaki. Kila kitu kimekufa isipokuwa mgongo. Na mimi bado nilikuwa naihitaji. Kumbe miezi minne sikuwa natafuta kamera. Nilikuwa natafuta cheti. Nilitaka kitu kinijibie lile swali ndio mdomo wangu usifunguke.

Niliporudi Migori nikamwonyesha Mama. Mama hutumia mulika mwizi, na haimsumbui. Na ukweli ni kwamba M-Pesa ilianza Machi 2007 na iPhone ya kwanza ikaingia madukani Juni mwaka huo, kwa hivyo hiyo simu yake ya tochi ilikuwa inajua kutuma pesa kabla Apple hawajauza simu hata moja.

Akaigeuza mkononi. "Hili tunda nani aliliuma?"

"Ni alama yao tu, Mama."

"Na ni hii watu wanataka wakuone nayo?"

Nikasema ndiyo. Nikajaribu kumweleza kwamba ni biashara pia, wateja wakiona iPhone wanakuamini. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Nyathina, taa ya omena haiwashwi ndio wavuvi wengine waione. Inawashwa ndio omena waione."

Usiku nilikaa na daftari. Juu Mama alikuwa amesema ukweli, lakini hata wateja ni omena, si ndiyo? Pengine taa yao ni huo mgongo. Kwa hivyo badala ya kubishana na roho nikahesabu. Wakati huo nilikuwa na wateja sita wa kurudi. Kati ya hao sita, nani aliwahi kuniuliza natumia simu gani? Mmoja. Na hata huyo alinipa kazi. Wanaouliza kila siku ni marafiki zangu, watu wa komenti, na mjomba. Hakuna hata mmoja wao amewahi kunilipa.

Nikanunua Android. 22,000. Nikaongeza maikrofoni ya kushika kwa kola, stendi, na pawabenki. Hizo tatu zilikula 7,500. Elfu tano nikamrudishia Mama siku hiyo hiyo, na kufikia Novemba nilikuwa nimemaliza deni lote la 12,000. Akazinunulia omena. Hakuniambia asante, alinipikia.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Harusi moja ya Homa Bay niliikosa. Bibi harusi aliuliza simu, nikamwambia, akasema atanipigia, hakunipigia. Iliuma. Na video za usiku za ile iPhone bado ni bora kuliko zangu, ninyi wenyewe mnaona. Lakini sauti yangu sasa inasikika vizuri, na nimegundua mtu huvumilia picha yenye chengachenga, sauti mbaya anapita mbio.

Kwa hivyo ukiniuliza, kama kazi yako ni harusi na usiku, na pesa ni zako, na utabaki na za kula, nunua iPhone na usiombe mtu msamaha. Tafuta yenye memori kubwa, angalia afya ya betri kwa setingi kabla ulipe, na uhakikishe mwenye kuuza ametoa akaunti yake, la sivyo umenunua kioo. Kama pesa zina mkono wa mtu mwingine ndani yake, mkono unaonuka samaki saa kumi na mbili asubuhi, hesabu kwanza ni nani anakuuliza simu yako, na kama huyo mtu anakulipa.

Disemba tulikutana tena na mjomba. Swali ni lile lile. Nikamwambia, "Niliacha, mjomba. Karo iliisha. Sasa nafanya video." Alikaa kimya. Halafu akauliza kama naweza kumfanyia ya shamba lake la miwa, na ni pesa ngapi.

Nimemwambia bei ya familia haipo.

Wewe je, ukizima hiyo simu yako sasa hivi, bado unaitaka?