Bangili za Isiolo na Picha Zilizo Nairobi

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia Isiolo. Dereva wa kwenda Marsabit au Moyale alikagua magurudumu hapa, akajaza maji, ndipo akakabili vumbi. Siku hizi lami inafika hadi mpaka wa Ethiopia, lakini gari likisimama tu, wauza bangili wanakuja dirishani, bidhaa zimewajaa mikononi hadi viwikoni.

Usifunge kioo. Chukua bangili moja uigeuzegeuze juani: nyaya za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini zimesokotwa pamoja, zimebanana hata uzi haupenyi. Aliyeisokota anajua rangi, na anajua ni wapi pa kuacha.

Isiolo imebarikiwa vitu vya kutazama. Alfajiri isiyo na mawingu, Mlima Kenya unasimama mzima upande wa kusini. Sokoni Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru wanavutana bei kwa Kiswahili. Akina mama wanauza maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mzee wa Kiturkana amekalia ekicholong, kigoda ambacho akilala hukifanya mto. Na shanga! Shanga za kioo zilipandishwa huku na misafara ya pwani katika karne ya 19, nyingi zikitoka Venice na Bohemia, na wanawake wa Kisamburu wakazifanya zao kabisa.

Bohemia leo imo ndani ya Cheki, na huko Cheki ndiko alikozaliwa Joy Adamson, mwaka 1910. Aliishi Isiolo na mumewe George, aliyesimamia wanyamapori wa kaskazini. Dunia inamjua kwa simba wake Elsa. Mimi namthamini zaidi kwa brashi yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao, naye akachora mamia. Aliuawa katika hifadhi ya wanyama ya Shaba, katika kaunti hii hii, Januari 1980. Picha zake nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Kijana wa Isiolo anayeanza kuchora anastahili kuziona, tena kwa karibu. Ajifunze mkono ulivyochora ushanga mmoja mmoja, kisha azijibu: amchore nyanya yake kama mtu mwenye jina na hasira na kicheko, asiwe kielelezo cha kabila. Njia hiyo imepitwa: mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, aliwasoma wachoraji wa kale wa Ulaya, akina Titian na Goya, kisha akapaka rangi zake juu ya lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Uganda. Mwaka 2020 akaanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, ambako kazi za wachoraji wakongwe kama Sane Wadu ziliwahi kutundikwa vijana wazione.

Jambo hilo naliombea Isiolo. Ukumbi mmoja wenye mwanga, nakala nzuri za picha hizo ukutani, turubai na rangi, na malipo kwa mchoraji akishamaliza kazi. Kuzileta nakala hizo kutoka Nairobi ni safari ya nusu siku tu.

Nawe msafiri usingoje ukumbi ujengwe. Mtafute fundi anayechora mabango ya vinyozi na hoteli, umuulize kama ana kazi nyingine nyumbani. Akikuonyesha unayoipenda, mlipe bei aliyoitaja kabla hujaondoka kuendelea kaskazini hadi Archer's Post.